Mgonjwa aulizwe uji: jamii inaingiaje kwenye utafiti wa saratani ya mapafu?

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Ukimkuta mtu amelala hoi, usisimame kichwani pake ukimuuliza kama atakunywa, koroga, mletee. Ni methali ya huruma, na kitandani kwa mgonjwa inafaa. Ilipohamia kwenye utafiti wa magonjwa ndipo ilipoleta madhara. Kwa miaka mingi wataalamu waliamua peke yao nini kichunguzwe, kwa nani, kwa njia gani, kisha wakashangaa matokeo yao yanawafaa baadhi ya watu na kuwapita wengine.

Siku hizi maneno yamebadilika. Unasoma habari kwamba mradi fulani umepata fedha za "kushirikisha jamii katika utafiti wa tofauti za saratani ya mapafu", na unabaki na maswali. Jamii inajua nini kuhusu seli za saratani? Hizo tofauti ni zipi? Si bora mtafiti akae maabara atuletee dawa? Wengine huuliza kwa uchungu zaidi: hapa tunashirikishwa au tunatumiwa? Ni maswali ya haki kabisa, na yanastahili majibu ya moja kwa moja.

Maneno kwanza

Saratani ya mapafu ni hali ya seli za pafu kuzaana ovyo, bila kusikia amri ya kusimama. Ubaya wake ni ukimya. Nyama ya pafu haihisi maumivu kama ngozi inavyohisi, hivyo uvimbe unaweza kukua muda mrefu kabla mwenyewe hajajua lolote. Kikohozi kisichokoma, damu kwenye makohozi na mwili kukonda vikianza kuonekana, mara nyingi ugonjwa umeshatoka pale ulipoanzia. Mwaka 2022 watu wapatao milioni 2.5 duniani waligunduliwa kuwa nayo, na takriban milioni 1.8 walikufa kwa ajili yake. Hakuna saratani nyingine inayoua watu wengi kiasi hicho.

Neno la pili ni tofauti, au niseme pengo, maana "tofauti" ni neno la upole mno. Wazee wanaugua saratani kuliko vijana, na hilo halimshangazi mtu. Watafiti wanapozungumzia pengo la kiafya wanakusudia tofauti ambayo ingeweza kuepukwa, inayofuata mipaka ya kipato, rangi, lugha, elimu au mahali mtu anapoishi. Chukua watu wawili wenye uvimbe wa ukubwa mmoja, uliogunduliwa wiki moja. Mmoja anapasuliwa mwezi unaofuata. Mwingine anapewa miadi, miadi inaahirishwa, simu haipigwi tena, na anaporudi uvimbe umeshasambaa. Uvimbe ulikuwa sawa. Kilichowatenganisha kilitokea nje ya mapafu.

La tatu ni ushirikishwaji. Maana yake ni kwamba wale wanaoishi na tatizo wanakuwa na sauti na uamuzi ndani ya utafiti wenyewe: swali gani liulizwe, nani aulizwe, majibu yasomwe vipi, na yapelekwe wapi. Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein, akiandika juu ya mipango ya miji, alieleza ushiriki wa wananchi kama ngazi yenye vidato 8. Kwenye vidato vya chini kabisa wananchi wanapumbazwa waonekane wameshiriki. Vya katikati wanaarifiwa na kuombwa maoni, lakini uamuzi umebaki kwa wenye ofisi. Vya juu wana mamlaka. Ngazi hiyo bado ni kipimo kizuri. Ukialikwa kwenye kikao kusikiliza mradi ambao fomu zake zimeshachapwa, hata kama umeandaliwa chakula na nauli, umekaa kwenye kidato cha kuarifiwa.

Pengo linatoka wapi?

Jibu linalotolewa haraka ni sigara. Ni kweli kwamba sigara ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote, na kuacha ndiyo kinga bora. Hata hivyo, Marekani kati ya watu 10 na 20 katika kila 100 wanaopata saratani ya mapafu hawakuwahi kuvuta, au walivuta sigara zisizofika 100 maisha yao yote. Miongoni mwa wanawake wa Marekani wenye asili ya Asia, zaidi ya nusu ya wagonjwa hawakuwahi kuvuta. Kuna gesi ya radoni inayopenya ndani ya nyumba kutoka ardhini, kuna asbestosi, madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika kwenye ujenzi, kuna hewa chafu ya miji, kuna moshi wa sigara za wengine. Huko Xuanwei, China, wanawake ambao karibu wote hawakuvuta walikufa kwa saratani ya mapafu kwa viwango vya kutisha, kwa sababu walipika ndani ya nyumba kwa makaa ya mawe yenye moshi mzito, kwenye mashimo ya moto yasiyo na bomba la kutolea moshi. Majiko yalipowekwa mabomba, ugonjwa ulipungua miaka iliyofuata.

Na hata sigara ina historia. Kwa miongo mingi kampuni za tumbaku Marekani zilielekeza matangazo ya sigara za mentholi kwenye mitaa ya watu Weusi. Leo takriban wavutaji Weusi 8 kati ya 10 wanavuta hizo. Mentholi inapoza koo, moshi unaingia kwa ulaini, na kuacha kunakuwa kugumu zaidi. Kumwambia mtu wa mitaa hiyo "umejitakia" ni kumtazama yeye na kufumbia macho waliomfuata hadi mlangoni.

Jibu jingine la haraka ni damu: eti watu wa rangi fulani wana saratani kali zaidi kwa asili yao. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa rekodi za wagonjwa 10,984, wote wenye miaka 65 na zaidi, wote wakiwa na bima ya serikali, wote wakiwa na saratani ya hatua za mwanzo ambayo upasuaji unaweza kuiponya. Miongoni mwa Wazungu, 76.7% walipasuliwa. Miongoni mwa Weusi, 64%. Miaka 5 baadaye Wazungu 34.1% walikuwa hai, Weusi 26.4%. Lakini ukiwachukua waliopasuliwa peke yao, waliokuwa hai ni 42.9% kwa Wazungu na 39.1% kwa Weusi, tofauti ndogo kiasi kwamba watafiti waliwahesabu kuwa sawa. Kisu kiliwatendea sawasawa wote waliokifikia. Pengo kubwa lilikuwa kwenye kukifikia, na bima walikuwa nayo wote.

Basi kama pengo limo njiani, nani anaijua njia hiyo? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Profesa anaweza kuona kwenye takwimu kwamba wagonjwa wanapotea kati ya kugunduliwa na kupasuliwa. Kwa nini wanapotea, hilo halimo kwenye takwimu zake.

Nusu pakiti kwa miaka 40

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mahali pa kuona kwa macho jinsi utafiti uliopima zaidi watu wa aina moja unavyozaa sheria inayowaumiza wengine.

Kwa muda mrefu hapakuwa na kipimo cha kuigundua saratani hii mapema. Kisha Marekani ikafanya jaribio kubwa lililoandikisha watu 53,454 kati ya mwaka 2002 na 2004. Nusu walipigwa picha ya kawaida ya eksirei, nusu walipigwa CT ya mionzi kidogo, yaani eksirei za pande nyingi ambazo kompyuta huziunganisha kuwa picha moja ya ndani ya kifua, mara moja kila mwaka kwa miaka 3. Matokeo yalitoka mwaka 2011: waliopigwa CT walikufa kwa saratani ya mapafu pungufu kwa 20%. Ilikuwa habari njema kwelikweli. Lakini kati ya kila washiriki 100, Weusi hawakufika 5, katika nchi ambayo wao ni zaidi ya 12 kati ya kila 100.

Kutokana na jaribio hilo, mwaka 2013 ukatolewa mwongozo wa nani apimwe: awe na miaka 55 hadi 80, awe bado anavuta au ameacha ndani ya miaka 15, na awe amefikisha "miaka-pakiti" 30. Mwaka-pakiti mmoja ni pakiti moja ya sigara 20 kila siku kwa mwaka mzima. Pakiti 2 kwa siku kwa mwaka mmoja ni miaka-pakiti 2. Nusu pakiti kwa miaka 2 ni mwaka-pakiti mmoja.

Sasa chukua wanaume wawili wenye miaka 57. Wa kwanza amevuta pakiti moja na nusu kila siku kwa miaka 20, hadi leo. Zidisha: 30. Anapimwa. Wa pili alianza akiwa na miaka 17, akavuta sigara 10 kila siku, si zaidi, hadi leo. Miaka 40 mara nusu pakiti ni 20. Hapimwi. Mapafu yake yamepokea moshi kila siku kwa miaka 40, karatasi inasema hayumo hatarini. Na elimu ya saratani imeonyesha zamani kwamba urefu wa muda wa kuvuta una uzito mkubwa kuliko idadi ya sigara za siku.

Mwanamume wa pili si wa kufikirika tu. Wavutaji Weusi Marekani, kwa wastani, huvuta sigara chache zaidi kwa siku. Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchambuzi wa wavutaji na waliowahi kuvuta zaidi ya 48,000 wa majimbo ya kusini. Miongoni mwa wale waliokuja kupata saratani ya mapafu, Wazungu 56% walikuwa na sifa za kupimwa kwa mwongozo ule. Weusi walikuwa 32% tu. Yaani Weusi wawili katika kila watatu waliougua walikuwa wamezuiwa mlangoni na hesabu ya pakiti.

Takwimu hizo zilipatikanaje? Mradi uliozikusanya ulikwenda kwenye vituo vya afya vya jamii katika majimbo 12, vituo vinavyowahudumia watu wa kipato cha chini, ukaandikisha watu wapatao 85,000 kati ya mwaka 2002 na 2009. Theluthi mbili hivi walikuwa Weusi. Miaka ileile jaribio la CT lilipokuwa likiandikisha Weusi wasiofika 5 katika kila 100, mradi huu uliwapata kwa maelfu. Uliwafuata wanakotibiwa, mahali walipozoea nyuso za wahudumu, ukawauliza.

Mwaka 2021 mwongozo ukarekebishwa: miaka 50 hadi 80, na miaka-pakiti 20. Mtu wetu wa pili sasa anaingia, kwa kuponea chupuchupu. Pengo limepungua bila kuzibika, na wapo wataalamu wanaopendekeza hesabu ya pakiti iachwe, mtu aulizwe tu amevuta miaka mingapi. Binafsi naona wana hoja. Miaka mtu anaikumbuka. Idadi ya sigara za kila siku kwa maisha yote, nani anaikumbuka?

"Hao hawapendi kushiriki"

Hii ndiyo imani potofu inayonikera kuliko zote. Inasemwa na wataalamu kwa sauti ya masikitiko, kana kwamba wao walishafanya sehemu yao. Mwaka 2006 ulitoka uchambuzi wa tafiti 20, zenye watu zaidi ya 70,000, uliolinganisha viwango vya kukubali kushiriki katika tafiti za afya, nyingi zikiwa za Marekani. Watu wa jamii za wachache walipoombwa, walikubali kwa viwango vinavyokaribiana sana na vya Wazungu. Shida ilikuwa kwamba hawakuombwa sawasawa. Kituo cha utafiti kiko mbali, saa za miadi ni saa za kazi, fomu ni kurasa 20 za lugha nzito, na masharti yanamwondoa yeyote mwenye kisukari au shinikizo la damu, ambao ni wengi zaidi miongoni mwa maskini.

Hofu ipo, na ina sababu. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi 399 wenye kaswende huko Tuskegee, Alabama, pamoja na wengine 201 wasio nayo. Hawakuambiwa ukweli, na dawa ya penisilini ilipopatikana miaka ya 1940 hawakupewa. Rais Bill Clinton aliomba radhi mwaka 1997. Karibu na wakati wetu zaidi, Wahavasupai, watu wa asili wanaoishi ndani ya Grand Canyon, korongo kubwa la Arizona, Marekani, walitoa damu yao kuanzia mwaka 1990 wakiamini inatumika kuchunguza kisukari kilichokuwa kikiwamaliza. Baadaye waligundua damu hiyo imetumika pia kwa mambo mengine, ugonjwa wa akili na asili ya kabila lao yakiwamo. Walishtaki. Mwaka 2010 walilipwa dola 700,000 na damu ikarudishwa kwao.

Mtu anayekumbuka hayo akiuliza "sampuli yangu itakwenda wapi?", hajakataa sayansi. Ameuliza swali lilelile ambalo kamati ya maadili inapaswa kuuliza. Ushirikishwaji unampa mahali pa kuliuliza kabla damu haijatolewa, na unamlazimu mtafiti kulijibu kwa maandishi.

Hewa ikiingia kifuani

Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti mdogo ambao kila daktari wa mapafu angepaswa kuujua. Wagonjwa 626 waliulizwa kama wanaamini kwamba saratani ya mapafu ikipigwa na hewa wakati wa upasuaji inasambaa. Walioamini walikuwa 38%. Miongoni mwa wagonjwa Weusi, 61%. Karibu mmoja kati ya watano wa Weusi hao alisema imani hiyo ingemfanya akatae upasuaji, na wapo waliosema hata daktari akiwaambia si kweli hawatamwamini.

Si kweli, nami nalisema wazi: hewa haisambazi saratani. Mapafu yamejaa hewa kila pumzi. Lakini usikimbilie kuwacheka walioamini. Kabla ya mashine za CT, madaktari walikuwa wakifungua kifua bila kujua watakuta nini. Mara nyingi walikuta ugonjwa umeshaenea, wakashona tena bila kukata kitu. Mgonjwa akafa baada ya wiki chache. Ndugu waliokaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji waliona nini? Mtu aliingia anatembea, akafunguliwa, akafa. Walihitimisha kutokana na walichokiona.

Ukimpa mtu wa familia hiyo kijikaratasi cha maelezo, umetupa karatasi. Anachohitaji ni mtu anayemwamini, hasa aliyepasuliwa mwenyewe miaka 10 iliyopita na bado yu hai, akae naye, amwache aliguse kovu lake. Na mtafiti anayepanga uchunguzi wa "kwa nini wagonjwa wanakataa upasuaji" bila kuwasikiliza watu hawa hataweka swali la hewa kwenye dodoso lake, maana halitamjia akilini. Atapata majibu, tena nadhifu, ya maswali yasiyo yenyewe.

Kilichofanyika Greensboro

Greensboro, North Carolina, ni mji ambao tarehe 1 Februari 1960 vijana wanne Weusi waliketi kwenye kaunta ya chakula ya Wazungu tu na kukataa kuondoka. Mwaka 2003 wakazi wa mji huo, wahudumu wa afya na watafiti wa chuo kikuu waliunda umoja wa kupambana na mapengo ya kiafya. Walianza kwa kupata pamoja mafunzo kuhusu ubaguzi unavyofanya kazi ndani ya taasisi, na wakawekeana mkataba wa namna ya kuheshimiana. Watu wenye haraka wangeona ni kupoteza wakati.

Kutoka kwenye umoja huo ulizaliwa mradi uitwao ACCURE, uliohusu saratani za matiti na mapafu. Wakazi waliingia na maneno mawili waliyoyasisitiza: uwazi na uwajibikaji. Ilikuwa lazima mtu aweze kuona mgonjwa anapopotea, na lazima awepo wa kuulizwa. Maneno hayo yakageuzwa kuwa vyombo vya kazi. Kompyuta ya hospitali ilisomwa kila mara. Mgonjwa akikosa miadi, au hatua ya matibabu ikipitiliza wakati wake, taa ya onyo iliwaka kwa muuguzi aliyepewa kazi ya kuwasindikiza wagonjwa. Yeye alipiga simu. Je, ni usafiri? Ni hofu? Hukuelewa daktari alichosema? Tena madaktari walionyeshwa, mara kwa mara, asilimia ya wagonjwa wao waliomaliza matibabu, Weusi na Wazungu kila kundi peke yake, wajione wenyewe.

Matokeo ya saratani ya mapafu ya hatua za mwanzo yalichapishwa mwaka 2019. Kwenye rekodi za zamani za vituo vya saratani vilivyoshiriki, waliopata matibabu ya kuponya walikuwa 78% kwa Wazungu na 69% kwa Weusi. Ndani ya mradi, Weusi walifika 96.5% na Wazungu 95%. Ile namba ya mwisho niliirudia mara mbili nilipoisoma mara ya kwanza. Mfumo uliobuniwa kuwasaidia Weusi wasipotee uliwaokoa na Wazungu pia, kwa sababu na wao walikuwa wakipotea, ila hakuna aliyekuwa akihesabu.

Hakuna dawa mpya iliyovumbuliwa hapo. Upasuaji ni uleule, mionzi ni ileile.

Jamii ni nani?

Wengi wakisikia "jamii" wanafikiria mtaa au rangi. Ni pana kuliko hivyo. Jimbo la Kentucky limekuwa kwa miaka mingi na kiwango cha saratani ya mapafu cha juu kuliko majimbo yote ya Marekani, na milima yake ya mashariki, nchi ya migodi ya makaa ya mawe, inakaliwa zaidi na Wazungu maskini. Pengo lao ni la umbali, kipato na kazi. Kuna pia jamii za watu wasiowahi kuonana uso kwa uso. Wagonjwa wenye saratani iliyosababishwa na mabadiliko katika jeni iitwayo ROS1 ni mmoja au wawili tu katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya mapafu. Walitafutana mtandaoni kutoka nchi mbalimbali, wakajiita ROS1ders, wakashirikiana na watafiti na kutoa vipande vya uvimbe wao ili zipatikane seli za kuchunguzwa maabara. Yule aliyeuliza jamii inajua nini kuhusu seli, hawa wanaweza kumjibu.

Jambo moja husahaulika, nalo ni zito kwa saratani hii kuliko nyingine: aibu. Mtafiti akitaka "kushirikisha jamii" huwaita wazee, viongozi wa dini, walimu. Watu wa heshima. Mvutaji wa sigara hayumo, au yumo kimya, kwa sababu mbele ya hao hao anaficha pakiti yake. Ukimaliza kikao kama hicho umesikia jamii ikizungumza juu ya wagonjwa, na wagonjwa wenyewe hujawasikia. Jamii ina wanyonge wake ndani, na anayeishirikisha kwa haraka huishia kuongeza sauti ya walio na sauti tayari. Afadhali kikao kidogo cha wavutaji kumi, pasipo mtu wa kuwahubiria.

Wapo wanaohofia kwamba kuwaweka watu wa kawaida mezani kunaharibu ukali wa sayansi. Greensboro haikulegeza kipimo chochote. Hesabu zilifanywa na wataalamu wa hesabu. Mkazi haombwi kusoma picha ya CT. Anaombwa kusema kwamba barua yenye neno "saratani" kwenye bahasha haitafunguliwa. Huko Manchester, Uingereza, mpango ulioanza mwaka 2016 uliita huduma yake "ukaguzi wa afya ya mapafu" na kupeleka mashine ya CT kwenye gari hadi maegesho ya maduka katika maeneo maskini. Walijitokeza zaidi ya 2,500. Saratani 46 zilipatikana, na 8 katika kila 10 zilikuwa za hatua za mwanzo.

Ugumu wa kweli uko kwingine: pesa na wakati. Wanajamii wanaokaa kwenye kamati mara nyingi hawalipwi, huku kila mwingine mezani akilipwa mshahara. Fedha za utafiti nyingi ni za miaka 3 hadi 5, na uaminifu haufuati kalenda hiyo. Umoja wa Greensboro uliundwa mwaka 2003. Matokeo niliyoyataja yalitoka mwaka 2019.

Kwa hiyo ukiombwa kuingia kwenye utafiti wa aina hii, au kikundi chenu kikaombwa, ulizeni kabla ya kutia saini. Swali la utafiti mlilitunga nyinyi au mmelikuta? Data na sampuli zitakaa kwa nani, na mkitaka kujitoa zitafutwaje? Kipimo kikionyesha kivimbe pafuni, nani atalipia uchunguzi unaofuata? Matokeo mtaletewa lini, kwa lugha gani? Kisha lipo swali moja ambalo watafiti wema kabisa huinamisha vichwa wakiulizwa, na linafaa liulizwe siku ya kwanza: fedha za mradi zikiisha, yule muuguzi anayepiga simu ataendelea kulipwa na nani?